Usiiamini volyumu mpaka uone bei imesogea kiasi gani

Kuna sentensi inaandikwa kila siku soko la hisa likifungwa na imezoeleka mpaka hakuna anayeihoji tena: "leo bei imepanda kwa sababu wanunuzi walikuwa wengi kuliko wauzaji". Hebu tuitazame vizuri. Kila hisa iliyonunuliwa leo kuna mtu aliiuza, kwa hiyo zikinunuliwa milioni 5 zimeuzwa milioni 5 hizo hizo, na hakuna upande uliouzidi mwingine hata kwa hisa moja. Volyumu inayoandikwa chini ya chati ndo hiyo, idadi ya hisa zilizopata mnunuzi na muuzaji siku hiyo, basi. Haina upande. Ile rangi ya kijani au nyekundu unayoiona imepakwa na programu kwa kuangalia bei ilifungaje, programu haijui nani alinunua wala kwa nini.

Sasa kama hawakuzidiana, bei imepandaje? Imepanda kwa sababu upande mmoja ulikuwa na haraka kuliko mwingine. Sokoni kuna daftari la oda, upande huu wamepanga foleni wanaotaka kununua kila mtu na bei yake, upande ule wanaotaka kuuza, katikati kuna pengo. Ukiweka oda yako ukasubiri bei ikufuate hujasogeza kitu, umeongeza foleni tu. Anayesogeza bei ni yule anayesema nataka sasa hivi kwa bei yoyote iliyopo, huyo anaila foleni ya upande wa pili, akiwamaliza wanaouza kwa 100 anahamia kwa wanaouza kwa 101, alafu 102, na akikuta foleni ni nyembamba anapaa kwa hisa chache tu, akiikuta nene anaweza kununua mzigo mkubwa sana na bei isicheze. Kwa hiyo bei inasogezwa na vitu viwili, haraka ya watu na unene wa foleni wanayokutana nayo, na volyumu inakuonyesha tu hisa ngapi zimetumika vitu hivyo viwili vilipogongana. Namba moja haiwezi kukueleza vyote viwili. Ndo maana nasema volyumu ikisimama peke yake haina maana, inaanza kuongea pale unapoiuliza: hisa zote hizi zimeisogeza bei umbali gani?

Watafiti wamelichimba hili kitambo. Mwaka 1987 Jonathan Karpoff alipitia tafiti zilizokuwepo mpaka wakati huo akakuta mambo mawili yanajirudia: volyumu inaongezeka pamoja na ukubwa wa mwendo wa bei, iwe inapanda au inashuka, na kwenye masoko ya hisa volyumu inaelekea kuwa nzito zaidi bei ikipanda kuliko ikishuka. Hilo la pili watu wanalidaka harakaharaka wanasema basi volyumu kubwa ni ishara ya kupanda. Hapana. Sababu moja kubwa ni kwamba mtu mwenye imani hisa itapanda anainunua tu, lakini mwenye imani itashuka na hana hisa hizo inabidi aazime kwanza ndo auze, na kuazima kuna gharama na masharti, kwa hiyo wengi wanaoiona hisa vibaya wanakaa pembeni na biashara yao haionekani kwenye volyumu kabisa.

Na kuna kitu kingine ambacho kwa maoni yangu hakisemwi vya kutosha, volyumu ni kipimo cha kutokukubaliana. Kampuni ikitangaza habari ambayo kila mtu anaielewa vile vile, mfano kuna kampuni nyingine inataka kuinunua kwa bei fulani ya pesa taslimu, bei inaruka pale pale hadi karibu na hiyo bei, na mruko wenyewe hauhitaji hisa nyingi kwa sababu hakuna aliye tayari kuuza kwa bei ya jana. Ila ikitoka ripoti ya robo mwaka yenye mapato mazuri na madeni mabaya, hapo mmoja anasoma mapato, mwingine anasoma madeni, wanakutana sokoni wanauziana siku nzima. Ukiona volyumu imefura usikimbilie kusema "watu wanaipenda hii hisa", sema kwanza watu hawaelewani kuhusu hii hisa, alafu utafute wanabishania nini.

Twende kwenye kanuni ya zamani ambayo kila anayeanza kutredi anafundishwa. Inatoka kwenye mawazo ya Charles Dow, mwandishi wa habari za soko la hisa Marekani aliyefariki 1902, na waliomfuata, kwamba volyumu inatakiwa iandamane na trendi, yaani mwelekeo wa bei: bei ikipanda volyumu iongezeke, bei ikirudi nyuma kupumzika volyumu ipungue. Sio kanuni mbaya. Mfano mzuri ni Marekani Agosti 1982. Fahirisi ya Dow Jones, namba inayofupisha bei za hisa za kampuni 30 kubwa za Marekani, ilifika chini kabisa tarehe 12, ikafunga kwenye 776.92, siku chache baadaye ikaruka, na tarehe 18 soko la New York likapitisha hisa milioni 100 kwa siku kwa mara ya kwanza kwenye historia yake, zaidi ya milioni 132. Bei ilikuwa imeondoka chini, hela ikaingia, na bei ikaendelea kwenda. Kile kipindi cha kupanda kilifika mpaka 1987.

Hapo hapo kuna habari ya Joseph Granville, mchambuzi wa soko wa Marekani, na naileta kwa sababu inafundisha. Granville ndo aliyeitangaza mwaka 1963 indiketa inayoitwa OBV, ambayo inafanya hivi: siku bei ikifunga juu unajumlisha volyumu yote ya siku hiyo, ikifunga chini unaitoa yote, unapata mstari ambao eti unaonyesha hela inaingia au inatoka. Alikuwa na sauti kubwa mpaka Januari 1981 alipowaambia wafuasi wake wauze kila kitu, kesho yake soko likashuka kwa volyumu ya rekodi. Lakini mwaka 1982 wakati soko linageuka kwa volyumu ambayo haijawahi kuonekana, yeye aliendelea kusema litaanguka. Mimi simlaumu mtu, nachosema ni kwamba kuwa na kipimo cha volyumu hakukupi jibu, na kipimo chenyewe ni butu, maana hisa ikifunga juu kwa senti 1 tu OBV inachukua volyumu yote ya siku nzima inaiweka upande wa wanunuzi, hata kama siku nzima watu walikuwa wanavutana na hakuna aliyeshinda.

Tena ile kanuni ya Dow ina upande mmoja unaoumiza watu. Trendi ya kupanda mara nyingi inahitaji wanunuzi wenye haraka waendelee kuja, ya kushuka haihitaji wauzaji wengi. Bei inaweza kushuka wiki sita mfululizo kwa volyumu ndogo kabisa kwa sababu tu wanunuzi wameondoka kwenye foleni, muuzaji mmoja mmoja anakuja, hakuti mtu, anashusha bei kidogo, anauza, kesho anakuja mwingine. Mtu aliyefundishwa kwamba "kushuka kwa volyumu ndogo sio kushuka kwa kweli" anakaa na hisa zake anasubiri, na kila siku anaona volyumu ndogo anajifariji. Ukiniuliza mimi, trendi ya kushuka kimyakimya ni mbaya kuliko ya kelele, kwa sababu kwenye ya kelele angalau kuna mtu ananunua.

Sasa nije kwenye njia ninayoiona ina faida kuliko zote. Richard Wyckoff, aliyefanya kazi Wall Street mwanzoni mwa karne ya 20 na kufariki 1934, alifundisha kulinganisha juhudi na matokeo. Juhudi ni volyumu, matokeo ni umbali ambao bei imesafiri. Watu watano wakisukuma gari likaenda mita mia, sawa, wakija kumi na tano wakasukuma gari lile lile likaenda mita tatu, basi kuna kitu kimelizuia, na kazi yako ni kukitafuta hicho kitu badala ya kushangilia wingi wa wasukumaji.

Chukua hisa ambayo kwa kawaida inauzwa milioni 1 kwa siku. Jumatatu inapanda asilimia 4 kwa volyumu ya milioni 3, hapo juhudi na matokeo vinaendana, sina maneno. Jumanne volyumu inafika milioni 5 na bei inaongezeka asilimia 0.4 tu. Wengi wataandika kwamba volyumu imevunja rekodi, moto umewaka, ingia. Mimi naona tofauti kabisa, wanunuzi wenye haraka wamekuja wengi kuliko jana lakini wamekutana na foleni nene ya kuuza ambayo jana haikuwepo, na foleni nene namna hiyo haitengenezwi na watu wadogo wadogo waliokubaliana kwa bahati, mara nyingi kuna mwenye mzigo mkubwa kaamua hapa ndo pa kuutolea. Je nauza hapo hapo? Hapana, na hapa wengi wanakosea kwa kuwa na haraka na jibu. Jumanne imekuambia kuna muuzaji mkubwa, haijakuambia ana mzigo kiasi gani. Unasubiri. Kama siku mbili tatu zinazofuata bei inapita kilele cha Jumanne kwa volyumu ndogo, tuseme milioni 1.5, maana yake yule muuzaji kamaliza, njia ni nyeupe, na volyumu ndogo hapo ni habari njema kabisa kinyume na kanuni ya darasani. Kama bei inarudi chini ya sakafu ya Jumanne, basi wote walionunua zile milioni 5 sasa wana hasara, na watu wenye hasara kila bei ikipanda kuwafikia wanauza ili watoke salama, kwa hiyo hiyo bei inageuka dari kwa muda mrefu.

Chini nako ni hivyo hivyo ukiigeuza. Hisa imeshuka wiki kadhaa, inakuja siku volyumu inapaa mara nne na bei inashuka kidogo tu au inafunga juu ya katikati ya safari yake ya siku, hapo kuna mtu anapokea kila kinachouzwa. Naye mpe siku kadhaa umuone kama kweli yupo.

Watu wakisikia habari ya siku ya volyumu kubwa wakati wa kushuka wanapenda kusema "hapo ndo chini, wote waliotaka kuuza wameshauza". Historia haikubali kirahisi hivyo. Tarehe 19 Oktoba 1987 Dow Jones ilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja, New York zikauzwa hisa kama milioni 604, rekodi kwa wakati ule, kesho yake tena zaidi ya milioni 600, na kweli ile siku ya 19 ndo ikawa bei ya chini kabisa ya kufunga ya Dow katika anguko lile. Sawa. Lakini tarehe 24 Oktoba 1929 ziliuzwa hisa kama milioni 12.9, watu wakaona wameona yote, siku tano baadaye zikauzwa milioni 16.4, rekodi iliyokaa mpaka 1968, na aliyenunua pale akisema hiki ndo kilele cha hofu alipata nafuu ya muda mpaka Aprili 1930 alafu soko likaendelea kuzama mpaka tarehe 8 Julai 1932, Dow kwenye 41.22 kutoka kilele cha 381.17. Na siku hiyo ya chini kabisa, chini ya kweli, volyumu ya New York ilikuwa hata milioni moja haifiki. Hakukuwa na kelele yoyote, watu walishachoka na soko, wameondoka. Kwa hiyo chini inaweza kuja na volyumu ya rekodi au na volyumu ya kufa, na anayekuambia ana alama moja ya kuitambua usimpe hela yako.

Kuna siku moja ambayo kila anayependa volyumu anapaswa kuijua kwa undani, tarehe 6 Mei 2010. Soko la Marekani lilikuwa na wasiwasi tangu asubuhi. Saa 8:32 mchana saa za New York mwekezaji mmoja mkubwa alianza kuuza mikataba 75,000 ya E-mini (mikataba ya bei ya siku za mbele inayofuata kundi la kampuni kubwa kama 500 za Marekani) ya fahirisi ya S&P 500, thamani yake kama dola bilioni 4.1, kwa kutumia programu ya kompyuta ambayo ilipewa maagizo ya kuuza kiasi cha asilimia 9 ya volyumu ya dakika iliyopita, bila kuangalia bei wala muda. Soma tena hapo. Ile programu ilikuwa inaisoma volyumu kama dalili kwamba soko lina ukwasi, yaani lina wanunuzi na wauzaji wa kutosha, volyumu ikiongezeka inauza kwa kasi zaidi. Waliokuwa wananunua upande wa pili kwa sehemu kubwa ni mashine za kutredi kwa kasi, ambazo hazitaki kukaa na mzigo, zikinunua zinataka kuuza ndani ya sekunde chache, basi zikaanza kupasiana zenyewe kwa zenyewe. Ripoti ya wasimamizi wa masoko ya Marekani, SEC na CFTC, iliyotoka Septemba mwaka huo inasema ndani ya sekunde 14, kuanzia saa 8:45 na sekunde 13, mashine hizo zilinunua na kuuza zaidi ya mikataba 27,000, karibu nusu ya volyumu yote ya wakati huo, wakati kilichobaki mikononi mwao baada ya kutoa na kujumlisha ni mikataba kama 200 tu.

27,000 kwa 200. Volyumu ilikuwa inapaa, ile programu ikaona soko liko hai ikazidisha kuuza, na kwa kweli hakukuwa na mnunuzi. Dow ilikuwa imeporomoka karibu pointi 1,000 kutoka ilikofunga jana yake, nyingi ya hizo ndani ya dakika chache, kuna hisa zilizouzwa kwa senti 1 na nyingine kwa dola 100,000, na soko la mikataba liliposimamishwa kwa sekunde 5, sekunde tano tu, bei ya mikataba ikatulia ikaanza kurudi. Ripoti yenyewe ikaandika wazi kwamba volyumu kubwa sio lazima iwe kipimo cha ukwasi, hasa soko likiwa linayumba. Kwangu mimi huo ndo ushahidi mkubwa kuliko chati yoyote: volyumu ni mizunguko, na mzigo mmoja ukizunguka mara mia unahesabiwa mara mia.

Alafu kuna volyumu ambayo haina maoni ndani yake kabisa. Tesla iliingizwa kwenye fahirisi ya S&P 500 kuanzia Jumatatu ya tarehe 21 Desemba 2020, jambo lililotangazwa zaidi ya mwezi mmoja kabla, na mifuko yote inayofuata fahirisi hiyo ilitakiwa iwe na hisa za Tesla kufikia Jumatatu asubuhi. Ijumaa ya tarehe 18 zikauzwa zaidi ya hisa milioni 200, mara kadhaa ya siku ya kawaida, sehemu kubwa dakika za mwisho za kufunga, bei ikafunga karibu dola 695. Jumatatu ikashuka zaidi ya asilimia 6. Mfuko uliokuwa unanunua Ijumaa haukuwa umeamua Tesla ni nzuri, ulikuwa unatimiza kanuni yake, na waliojua hilo walikuwa wameshanunua mapema wakausubiri wauuzie. Na Ijumaa hiyo hiyo ilikuwa Ijumaa ya tatu ya Desemba, siku ambayo mikataba mingi ya hisa na fahirisi inaisha muda wake Marekani, inatokea pia Machi, Juni na Septemba, na kila ikija volyumu inajaa kwa sababu za kalenda tu. Kabla hujaandika uchambuzi wa siku yenye volyumu kubwa angalia tarehe. Angalia pia kama kampuni imegawa hisa zake, maana Apple ilipogawa hisa moja kuwa nne mwisho wa Agosti 2020, hisa milioni 40 za kabla ni sawa na milioni 160 za baada, na chati ambayo haijarekebishwa itakuonyesha volyumu imeruka wakati hakuna kilichobadilika.

Hili la kuhesabu hisa badala ya hela linadanganya hata bila kugawa hisa. GameStop, Januari 2021. Tarehe 22 ziliuzwa karibu hisa milioni 197, wakati kampuni nzima ilikuwa na hisa kama milioni 70 tu, yaani kila hisa ni kama imeuzwa karibu mara tatu kwa siku moja, bei ikafunga kama dola 65. Tarehe 27 ikafunga zaidi ya dola 347 na volyumu ilikuwa kama milioni 93, chini ya nusu. Mtu wa kanuni ya darasani anasema bei inapanda volyumu inapungua, trendi imechoka, na angekuwa anasema hivyo wakati bei inapanda mara tano. Lakini zidisha kwa bei: tarehe 22 ilikuwa kama dola bilioni 10, tarehe 27 zaidi ya bilioni 25. Hela ilikuwa inaongezeka, sio kupungua. Na baadhi ya waliokuwa na haraka walikuwa wamelazimishwa, walikuwa wameazima hisa wakauza na sasa hasara inawabana wanunue kwa bei yoyote, mtu wa namna hiyo haangalii kama bei ni ya haki. Kwenye hisa inayosogea kwa kasi mimi naangalia thamani ya biashara kwa hela, idadi ya hisa naitumia tu bei ikiwa imetulia.

Na kubwa ni kubwa kulinganisha na nini? Wengi wanaweka wastani wa siku 20 au 50, sio vibaya, ila siku moja kama ile ya Tesla inauvuta wastani juu kwa wiki kadhaa na siku zinazofuata zote zinaonekana zimepoa. Ni afadhali uchukue siku ya katikati ukizipanga kwa ukubwa. Ndani ya siku nako volyumu inakuwa nzito soko likifunguliwa na likikaribia kufungwa, katikati inalala, kwa hiyo kulinganisha volyumu ya saa ya kwanza na ya saa ya mchana ni kujidanganya, linganisha saa ya kwanza ya leo na saa ya kwanza ya siku nyingine. Na ujue sehemu kubwa ya biashara ya hisa za Marekani, zaidi ya theluthi, haifanyiki kwenye soko lenyewe, inafanyika pembeni alafu inaripotiwa, kwa hiyo volyumu ya soko moja ni kipande tu.

Kuna ubishi mwingine unaendelea miaka yote, kwamba volyumu kubwa inatabiri bei kupanda au kushuka. Tafiti zinaonekana kupingana ila hazipingani, zinaangalia muda tofauti. Gervais, Kaniel na Mingelgrin mwaka 2001 walionyesha hisa zenye volyumu kubwa isiyo ya kawaida kwa siku au wiki zinaelekea kufanya vizuri mwezi unaofuata, mojawapo ya maelezo ni kwamba zimeonekana, watu wapya wamezijua. Lee na Swaminathan mwaka 2000 walikuta hisa zilizopanda kwa miezi zikiwa na mzunguko mkubwa wa biashara ndo zinazogeuka mapema zaidi miaka inayofuata. Ukiviweka pamoja unapata picha inayoeleweka: umakini wa watu unainua hisa mwanzo, umakini ukishajaa kila anayetaka kununua keshanunua. Kwa hiyo anayekuonyesha utafiti muulize ni wa mwezi au wa miaka.

Mwisho ni masoko na hisa ambazo haya yote hayafanyi kazi vizuri. Kuna masoko yanaweka kikomo cha bei kwa siku, kwa mfano hisa za soko kuu la Shanghai kwa muda mrefu zimeruhusiwa kusogea asilimia 10 tu, na hisa ikigonga kikomo cha juu volyumu inakauka kwa sababu hakuna anayekubali kuuza kwa bei hiyo huku foleni ya kununua imejaa. Ukiangalia volyumu unasema imekufa, na kumbe ndo siku yenye nguvu kuliko zote. Pale angalia foleni ya oda ambazo hazijatimizwa mpaka soko linafungwa, na siku ambayo volyumu inarudi ghafla bei ikiwa bado kwenye kikomo, jua kuna walioanza kutoa mzigo. Na zile hisa ambazo kwa siku zinapita hisa mia chache, siku nyingine sifuri, achana na wastani na mistari, maana oda moja ya mtu mmoja inatengeneza "rekodi". Fungua daftari la oda, hesabu kuna hisa ngapi zinauzwa na ngapi zinatafutwa ndani ya asilimia 5 ya bei ya sasa, na ujiulize ukitaka kutoka na mzigo wako wote kesho asubuhi utamuuzia nani na kwa bei gani.